Mwaka Mwalimu Alipokataa Sahani

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Mutheu, na kijitabu cha mazishi walichotugawia langoni kilikuwa na kurasa kumi na mbili za karatasi ya kung'aa. Nilikisoma nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, jua likinichoma upande mmoja wa uso. Visima vilikuwemo, majosho ya ng'ombe yalikuwemo, na zahanati na madarasa, pamoja na picha yake akikata utepe na nyingine akikata utepe mwingine. Familia ilikuwa imeniomba niandike ukurasa mmoja kwa vile nilikuwa karani wake wa kwanza alipokuwa mbunge. Niliuandika, lakini kijana aliyepanga kijitabu aliyakata maneno yangu hadi yakabaki mistari minne, akaniambia kwa heshima zote, "Auntie, watu hawataki hadithi hapo, wanataka maendeleo." Sikumlaumu, maana hadithi niliyokuwa nayo haina jiwe la msingi la kupigia picha. Nimerudi nayo nyumbani, na umri wangu wa sasa si wa kuahirisha mambo, kwa hiyo naiandika hapa kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu, ambayo si nzuri.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili na vidole vyenye alama za sindano. Nilikuwa nimetoka viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River, ambako nilishona mikanda ya suruali za jinzi ambazo sikuwahi kumwona mtu akizivaa, na Mwalimu alinichukua kwa sababu mbili tu: nilijua kupiga chapa, na nilikubali kuishi Kithyoko. Ofisi ya mbunge ilikuwa chumba kimoja sokoni kilichopakana na kinu cha posho cha Baba Salim, na kati yetu na kinu palikuwa na ukuta wa mbao na mabati. Unga ulipenya kila ufa, ukatua juu ya mashine ya chapa, juu ya picha ya Rais, na ndani ya chai. Nyuma ya ofisi palikuwa na chumba kidogo chenye kitanda, stovu ya mafuta ya taa na dirisha lililotazama upande wa mto Tana, na hapo ndipo nilipolala. Kinu kilipounguruma hatukusikilizana, lakini kilipozimwa niliwasikia wanawake wa foleni kana kwamba tumekaa benchi moja. Nilijua nani ameposwa, nani amerudi kwao, na mbuzi wa nani amekula sabuni. Mwalimu aliporudi kutoka Nairobi kila Ijumaa, hakuuliza ni barua ngapi zimeingia. Aliuliza, "Ukuta umesema nini?" nami nikamweleza.

Alikuwa amefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kabla ya kuingia siasa, na mpaka kufa kwake watu wa kwetu walimwita Mwalimu, hata wale waliompinga. Hakufanya mkutano kabla ya kula. Aliingia nyumba ya mtu, akapita sebuleni bila kusimama hadi jikoni, akafunua sufuria. "Hebu nione mnakula nini," alisema, na mama mwenye nyumba, ambaye angeona haya kumtajia mbunge shida zake, alijikuta anaeleza kwa nini maharagwe ni machache, kwa nini maji ni ya chumvi, kwa nini mtoto yule wa mwisho hachezi na wenzake. Kisha Mwalimu aliketi kwenye kigoda akala. Alikula samaki wa bwawa la Masinga kwa mikono miwili, akala muthokoi, yale mahindi yetu yanayotwangwa mpaka maganda yatoke yakapikwa na maharagwe, na hakuacha hata punje. Wapinzani walimwita Mheshimiwa Tumbo, naye alicheka kuliko wao. Maswali yake Bungeni yalitoka humo jikoni: kwa nini zahanati fulani imepewa friji ya chanjo na haina umeme, kwa nini kisima cha shule fulani kimefungwa tangu kizinduliwe. Alinisomea akitembea huku na huku, na nilipoongeza maneno ya kupendeza aliyafuta. "Mwende, hii ni hotuba. Hotuba Waziri analala. Swali lazima aamke." Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, alichelewa kila mahali, na aliamini kwamba jambo akishalielewa yeye, basi kila mtu amelielewa. Hilo la mwisho lilikuja kumgharimu.

Mwaka huo mvua ilikataa kwenda zake. Mahindi yalikuwa yamekauka nusu tu shambani nayo bado inanyesha, na pamoja nayo wakaja wezi, kwa maana mwaka uliotangulia ulikuwa wa njaa na watu hawakuwa wameusahau. Watu wakaogopa kuyaacha mahindi shambani, wakaogopa pia kuyaweka ghalani nje, wakayavuna yakiwa mabichi mabichi, wakayatia katika magunia ya nailoni, wakayasukuma chini ya vitanda na kulala juu yake kwa amani. Katika nyumba nyingi nilizoingia na Mwalimu msimu huo kulikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Punje zilikuwa na weusi kidogo na ukungu wa kijani, lakini wanawake waliziosha, wakazitwanga, weusi ukatoka na maganda, na muthokoi ukaiva mweupe. Nani angetupa chakula baada ya njaa ile? Mimi nisingetupa.

Ukuta ndio ulioniambia kwanza. Kinu kilikuwa kimezimwa Baba Salim abadilishe mkanda, na sauti mbili zikasikika karibu kabisa na meza yangu.

"Umesikia ya kwa Nzioka?"

"Huyo kijana yake mdogo? Si alizikwa juzi?"

"Sasa ni Kasiva, huyo dada. Macho ni manjano kama kiini ya yai. Tumbo imefura. Bibi yake Nzioka ni mgonjwa, na Nzioka mwenyewe anatapika. Ni mtu mmoja tu ako sawa kwa hiyo boma."

Yule mwingine akasema polepole, "Susu Kalekye."

"Hata kikohozi hana. Na hakuli na wao. Anajipikia kando."

"Ngai!"

Susu kwetu ni nyanya, na Susu Kalekye alikuwa mama mzazi wa Nzioka, mjane aliyeishi katika kijumba chake kando ya nyumba ya mwanawe, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Wale wanawake hawakulitaja neno lenyewe. Kwetu uchawi ni uoi, na hautajwi kwa sauti mchana, lakini nililisikia likipita ukutani hata hivyo. Wagonjwa wanne katika boma moja, mzima mmoja tu, na mzima huyo hagusi sufuria ya wenzake. Hesabu ilikuwa imekamilika. Nami niliamini. Nalisema hili wazi kwa sababu nimekaa na watu wengi siku hizi wanaosimulia mambo ya zamani kana kwamba wao peke yao walikuwa na macho. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti cha uhazili chenye muhuri, na niliamini kwamba bibi kizee yule anaua wajukuu wake.

Ijumaa nilipomsimulia Mwalimu, hakucheka wala hakunikemea. Alivua viatu, akakaa juu ya meza yangu, akauliza, "Wanakula nini? Na yeye anakula nini?" Sikujua, ukuta haukuwa umefika huko. Asubuhi yake tukaenda hospitali ya wilaya, akapita kitanda kwa kitanda akiwaamkia wagonjwa wenye macho ya manjano, akiwauliza swali lile lile moja, na wote wakajibu isyo, yaani mahindi na maharagwe yasiyotwangwa, muthokoi, ugali, uji wa mahindi. Walitoka tarafa mbalimbali, wengine hawakuwahi kufika Kithyoko. Daktari, kijana aliyeonekana hajalala siku mbili, alimwambia kwamba walipeleka mahindi na damu Nairobi kupimwa, lakini majibu hayajarudi, na yeye hana ruhusa ya kutangaza anachokidhani. "Unadhani nini?" Mwalimu akamuuliza. Daktari akaangalia mlango. "Mheshimiwa, mimi nyumbani nimeacha kula mahindi." Tuliporudi kwenye pikapu Mwalimu alikaa bila kuwasha gari. "Susu mmoja hawezi kuroga tarafa nne, Mwende," alisema. "Hata kama angekuwa na pikipiki." Nilicheka, lakini moyoni sikuwa nimekubali.

Kasiva alifariki Jumamosi hiyo hiyo. Alikuwa darasa la pili. Alizikwa Jumanne, siku ambayo Mwalimu alipaswa kuwa Bungeni, naye akabaki. Udongo wa kaburi la kaka yake ulikuwa bado mwekundu hapo kando. Tulipomaliza kuzika, chakula kikaletwa kama ilivyo desturi, sufuria tatu kubwa za muthokoi, na wa kwanza kupakuliwa akawa mbunge. Mama wa mtoto alikuwa ndani amelala, hawezi kusimama, kwa hiyo dada yake ndiye aliyeleta sahani, akainama kidogo na kuitoa kwa mikono miwili. Mwalimu aliipokea. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Aliinusa, akaiweka chini kwenye nyasi, mbele ya watu wote, akasimama.

"Sitakula hii chakula," alisema. "Na nawaomba sana, msikule. Hii mahindi ndiyo inaua watoto."

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kukataa sahani ya mtu yeyote ni tusi. Kukataa sahani ya mfiwa, siku anayomzika mtoto, ni kumwambia kwamba nyumba yake si nyumba. Na aliyeikataa ni yule yule aliyeombewa kura na kila sufuria ya eneo letu. Ndugu wa mama wa marehemu, mwanamume mrefu mwenye koti jeusi, akasimama. "Mheshimiwa, unasema dada yangu ameua watoto wake na sufuria?"

"Sisemi hivyo. Mahindi iliharibika kwa gunia. Iko na sumu."

"Sisi tumekula mahindi tangu babu zetu."

"Amezoea nyama ya Nairobi!" mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaguna wakikubali. Mwalimu alikuwa amekosea, na miaka mingi baadaye alikiri kwangu. Angeingia kwanza ndani kwa yule mama, akakaa kitandani, akaongea naye taratibu. Lakini aliziona zile sufuria tatu na watoto wamepanga mstari na vibakuli mkononi, na haraka yake ikamshinda.

Kisha akauliza, "Susu Kalekye ako wapi?" Macho yote yalienda upande mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kijumba chake, peke yake, shuka kichwani. Mjukuu wake alikuwa amezikwa bila yeye kuruhusiwa kusogea karibu na kaburi. Nzioka, mwanawe, alisimama kando ya kaburi na jembe mkononi, akitazama chini. Mwalimu alivuka uwanja ule wote akachuchumaa mbele ya yule bibi. Mimi nilimfuata hadi katikati, nikaishia hapo.

"Wakya, Susu?" Mwalimu alimwamkia.

"Aah," bibi akaitikia, sauti kavu.

"Pole sana na watoto. Susu, wewe unakula nini siku hizi?"

"Nitakula nini na sina meno? Nakunywa uji ya mawele. Muthokoi ilinishinda tangu meno iishe."

Mwalimu akageuka, akarudia maneno hayo kwa sauti ya darasani. "Mmesikia? Hajaonja mahindi. Ndiyo maana ako mzima."

"Ama ni kwa sababu anajua ni nini iliwekwa kwa hiyo ingine," mtu akajibu, na wengine wakacheka kicheko kibaya. Hapo Mwalimu akaacha kubishana. "Susu, niko na kiu, nipe uji," akamwambia. Bibi akamnong'oneza kwamba watu watasema. "Wacha waseme," akajibu, akapokea kibuyu kilichokatwa nusu, akanywa mbele ya umati wote bila kupumzika, mpaka akakiinua na kuangalia ndani yake kama kuna kilichobaki. Mwanamke mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mimi nilikuwa natazama magoti ya Mwalimu, nikingoja aanguke. Naibu wa chifu akaja taratibu, akamwambia kwamba vijana wameshaongea mambo ya kiberiti na kwamba yeye peke yake hawezi kulinda nyasi za paa lile mpaka kesho. Mwalimu akamshika Susu mkono, akampandisha kwenye pikapu pamoja na mtungi wake wa mawele. "Atakaa na Mwende," alisema, bila kuniuliza.

Ndivyo nilivyokuja kuishi chumba kimoja na mtu niliyeamini ni mchawi. Nilimpa kitanda, na watu walinisifu kwa adabu hiyo, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kulala chini karibu na mlango. Asubuhi aliamka kabla yangu, akawasha stovu, akakoroga uji wa mawele uliochachuka kidogo, akamimina vikombe viwili. Na kila asubuhi nilimwambia, "Asante Susu, niko na vidonda vya tumbo, daktari amenikataza vitu chachu." Kisha nilizunguka hadi kwa Mama Salim, mke wa mwenye kinu, ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye mahamri yake yalijulikana mpaka ng'ambo ya mto. "Ewe Mwende," aliniambia siku moja akinitazama nikila la nne, "hivyo vidonda vyako vinachagua, eti?" Nikajifanya sijasikia. Susu hakulalamika. Alikimimina kikombe changu tena sufuriani, na kesho yake akamimina viwili vile vile.

Mchana alikaa ofisini kwenye gunia tupu akichambua kunde, nami nikipiga chapa. Kinu sasa kilikuwa kimya zaidi kuliko kunguruma, kwa kuwa maneno ya Mwalimu yalikuwa yamesambaa, watu hawakuyaamini lakini wakaogopa, na waliokuja walikuja na mtama. Kwa hiyo tulisikia kila kitu. "Wamemficha huyo mtu hapo ndani," mmoja alisema siku moja, karibu sana hata nikaona kivuli chake kwenye ufa. "Mbunge mwenyewe atafuata, mtaona." Nilijua Susu amesikia. Aliendelea kuchambua. "Huyo ni bibi ya jirani yetu Muasya," akasema. "Nilimpokea mtoto wake wa kwanza na hii mikono." Siku nyingine, bila mimi kumuuliza lolote, aliniambia kwamba Kasiva alizoea kulala kwake, na kwamba asubuhi moja, kabla ya kuugua, alimwomba uji. "Nikamwambia, enda ukule kwa mama yako, uji ni kidogo." Vidole vyake vilikuwa bado vinafungua kunde. "Ilikuwa kidogo kweli," akasema. Nilitaka kumgusa bega. Nilipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mambo yalikuwa yamesimama hapo. Bila neno la serikali, neno la maabara lililotangazwa kwa kinywa cha Waziri, bibi yule asingerudi kwake akiwa salama, na magunia yangeendelea kufunguliwa chini ya vitanda. Mwalimu aliandika swali la dharura. Rasimu yangu ilikuwa na neno uchawi mara tatu. Akalifuta lote akisema Bunge haliulizi habari za uchawi. Likabaki swali lenye vipande vitatu: kama Waziri anafahamu vifo hivyo, maabara imepata nini katika mahindi, na wananchi watapewa chakula gani badala yake. Alinipeleka Nairobi nimsikilize. Nilikaa juu kwenye jukwaa la wageni nikiwa na viatu vya kuazima, nikashangaa jinsi ukumbi ulivyokuwa mtulivu na mwekundu, na wabunge wengine wakisoma magazeti. Waziri Msaidizi alikuwa mtu mzuri wa sura na sauti. Alisema Wizara yake inafahamu taarifa za ugonjwa katika sehemu hizo, kwamba uchunguzi unaendelea, na kwamba si vyema kuwatia wananchi hofu.

Mwalimu akasimama. Alizoea kuuliza kwa Kiingereza, lakini siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu ya redio. "Bwana Spika, Waziri Msaidizi aliambie Bunge hili: matokeo ya maabara yako kwa meza yake, ama hayako?"

"Bwana Spika, kuna matokeo ya awali, lakini..."

Magazeti yakashuka. Mwalimu hakungoja amalize. "Bwana Spika, hofu anayoiogopa iko tayari. Kuna mama mzee amefukuzwa kwake akiitwa mchawi, na kosa lake ni kwamba hana meno ya kula mahindi. Wajukuu wake wawili wako kaburini. Karatasi ya kumtetea iko kwa meza ya Waziri, na Waziri anaogopa kuisoma. Sasa kati yao wawili, mchawi ni nani?"

Ukumbi ukalipuka, wengine wakipiga viti, wengine wakidai nidhamu. Spika alimwamuru aliondoe neno hilo. "Naliondoa neno mchawi, Bwana Spika," akasema. "Hiyo meza naiacha." Hata Spika alificha mdomo kwa karatasi. Kisha akaagiza Waziri arudi Jumatano asubuhi na matokeo kamili. Nilikuwa nalia huko juu, na askari wa Bunge akanionyesha kwa kidole kwamba kulia nako hakuruhusiwi. Nimewaona viongozi wengi tangu siku hiyo, na nimewapigia kura baadhi yao kwa moyo mweupe, lakini sijamwona mwingine aliyebeba mtu mmoja asiye na jina hadi mahali pale na kumsimamisha mbele ya taifa.

Jumatano iliyofuata nilikuwa Kithyoko. Ilipokaribia saa saba mchana Baba Salim alizima kinu, akaweka redio yake juu ya gunia na kufungua mlango wa pembeni ili Susu asikie. Watu walikuwa wamejaa hadi nje. Mtangazaji akasema serikali imethibitisha kwamba vifo vilivyotokea sehemu zetu vilisababishwa na sumu inayoitwa aflatoksini, itokanayo na ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwamba kuosha na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kwamba mahindi hayo yatachukuliwa, na mengine yataletwa. Mwanamke mmoja alitoka mbio kuelekea kwake. "Alhamdulillahi," Baba Salim akasema. "Bibi, umesikia?"

"Nimesikia. Wamesema jina langu?"

"La, hawakusema."

"Sawa," akajibu, akarudi kwenye kunde zake.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri yote. Mahindi mabaya yalichukuliwa upesi, lakini ya kuyafidia yalichelewa, yakaja machache, na wenye njaa walikumbuka ni nani aliyesababisha yachukuliwe. Uchaguzi ulipofika, wapinzani hawakuhitaji wimbo mwingine: huyu ndiye aliyekataa sahani ya mfiwa. Walimwangusha. Ninachojua mimi, na ambacho hakikuandikwa kwenye kijitabu, ni kwamba wiki ile ile ya tangazo alienda peke yake kwa mama yake Kasiva, akakaa naye jikoni kutwa nzima, na alipotoka macho yake yalikuwa yamevimba. Na aliposhindwa hakuhamia Nairobi. Alizunguka na turubai, akiwafundisha akina mama kuanika mahindi juu yake, bila kura yoyote ya kutafuta.

Nzioka alikuja Ijumaa baada ya tangazo. Alikuja kwa miguu, amekonda, macho yake bado yana rangi ile. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu kofia ikiwa mkononi.

"Mwaitu," alisema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

Susu akamwangalia. Sikujua niende wapi, chumba kilikuwa kimoja.

"Ni mimi niliweka hiyo magunia chini ya kitanda. Mama yao alisema tuanike kwanza. Nikasema wezi wataiba." Aliikunja kofia. "Ni mimi, mwaitu. Na nikawacha wakuite vile walikuita."

"Keti," mama yake akamwambia.

Aliketi sakafuni, mwanamume mzima, akaegemeza kichwa kwenye kitanda. Susu akamwekea mkono utosini. "Si wewe," akasema. "Ni mvua. Unasikia? Ni mvua." Alirudia hivyo mpaka kilio chake kikatulia. Nilingoja amwambie habari ya Kasiva na ule uji uliokuwa kidogo, wagawane mzigo, lakini hakumwambia. Nadhani hakumwambia hadi alipokufa.

Susu alikusanya vitu vyake, ambavyo havikujaza hata kikapu. Nzioka alitoka nje kumngojea. Juu ya stovu palikuwa na uji wa asubuhi, na kikombe cha pili kilikuwa kimekaa mahali pake kama siku zote. Nilisimama kama mtoto anayeitwa mbele ya darasa.

"Susu," nikasema, "naomba uji."

Alinigeukia. "Na vidonda?"

"Vimepona."

Alicheka, ufizi wote ukaonekana, na kicheko chake hakikuwa na ubaya wowote, ndiyo maana kilinichoma. Alimimina kikombe kikajaa, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwana wakwa," alisema. "Redio imekupatia ruhusa. Lakini huyo mwalimu wako alikunywa kabla redio iseme."

Nikanywa. Sikuweza kumwangalia.